Miche haikuirudishia Shinyanga miti yake

Kila Shinyanga inapotajwa siku ya mazingira, mgeni rasmi hushika mche na kopo la maji. Nina ugomvi na picha hiyo. Miti mingi iliyorudi kule haikupandwa na mtu. Mizizi yake ilikuwa ardhini muda wote, ikisubiri ng'ombe waondoke.

Enzi za Mwingereza pori lilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka, na miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu wakaziacha ngitili zao, yaani malisho yao ya akiba. Pakabaki malisho yaliyochoka. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, nao ulikuja na vitalu vya miche. Kilichofua dafu ni ngitili za Wasukuma wenyewe: zaidi ya hekta 300,000 zilihifadhiwa kwa njia hiyo.

Mvua zikianza unaifunga ngitili, unaifungua kiangazi kimekaza, Agosti au Septemba. Lisha kipande kimoja, kikiisha hamia kingine. Ukifungua Machi kwa sababu jirani kafungua, nyasi hazijamwaga mbegu na machipukizi ya kimo cha goti yanaliwa vichwa. Umerudi mwanzo.

Kisiki hai, yaani kisiki cha mti uliokatwa ambacho mizizi yake haijafa, nacho kina kazi yake. Kinaweza kutoa machipukizi kumi na zaidi. Bakiza mawili au matatu yaliyonyooka. Mengine yakate kwa panga kali, mkato wa mshazari ili maji yasituame. Pogoa matawi ya chini tu. Ukipogoa hadi karibu na kilele, shina linakuwa refu na jembamba, upepo unalilaza. Usipopunguza kabisa, unapata kichaka cha miiba ambacho hata mbuzi anakikwepa.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema mti usiguswe. Miti ikishikana juu, nyasi chini zinakosa mwanga na kupotea, na ngitili isiyo na nyasi mfugaji ataichomea mkaa, wala sitamshangaa. Ikatwe kidogo kidogo, kila kiangazi.

Na katika ngitili za kijiji, mwenye ng'ombe 200 anavuna nyasi, mjane asiye na hata mmoja anavuna nini? Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, inayojua kumtoza faini aliyeingiza mifugo kabla ya wakati inaweza pia kuamua kwamba kuni zinazotokana na kupunguza miti ni za huyo mjane kwanza.