Acheni Kumkimbiza Anayehama

Kila msimu huku Ohio, tukishafungwa na timu ambayo safu yake ya mbele inahamahama mpira ukianza tu, lazima atokee kocha wa kusema insaidi zoni, ule mchezo wa kumpitisha mkimbiaji katikati ya laini, imekufa, tutafute kitu kingine. Mimi nafundisha laini ya ushambuliaji kwenye timu ya sekondari ya futiboli ya Kimarekani, wale vijana watano wanaofungua njia na majina yao hayasikiki kwenye kipaza sauti, na hilo silikubali hata kidogo. Insaidi zoni ndiyo dawa yenyewe ya stanti, yaani huko kuhamahama. Tunaharibu sisi makocha, tunapowafundisha vijana kumkaba mtu badala ya kulinda pengo.

Kwa msomaji anayeiona futiboli ya Kimarekani kwenye televisheni na kuishia kuona rundo la watu katikati, mambo yako hivi. Senta ndiye anayeutoa mpira. Ubavuni mwake wapo magadi wawili, na nje ya magadi, matakeli wawili. Kati ya senta na gadi ni pengo A, kati ya gadi na takeli ni pengo B, nje ya takeli ni C. Insaidi zoni ikiitwa kulia, wote watano wanaanza na hatua fupi ya kulia, kila mmoja akibeba dhamana ya pengo lililo kuliani kwake. Mkimbiaji anapokea mpira nyuma yao na kusoma nani kaelekea wapi kabla ya kuchagua njia. Stanti ni pale walinzi wanapokataa kubaki walipojipanga. Safu nzima inaweza kuteleza upande mmoja, ndiyo slanti, au wawili wakabadilishana njia, mmoja akakata mbele na mwenzake akamzunguka kwa nyuma.

Kuna mchezo mmoja wa msimu uliopita ambao bado unaniuma. Gadi wetu wa kulia alikuwa na mlinzi kwenye bega lake la nje. Mpira ulipotoka, yule mlinzi akakata ndani, akaingia pengo A. Kijana wetu akageuka naye, kiuno chote kikatazama upande wa pili, akamfuata. Kumbe senta alikuwa ameshafika pale, kwa sababu pengo A la kulia ni lake. Wawili wakawa juu ya mtu mmoja, na pengo B likabaki wazi kabisa. Lainibeka, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele, akapita hapo bila kuguswa, akamkuta mkimbiaji wetu hata hajaukumbatia mpira vizuri. Tukapoteza yadi 3. Kijana aliporudi pembeni akaniambia, "Kocha, mtu wangu nilimshika." Ni kweli, alimshika. Wiki nzima mimi ndiye niliyekuwa nikimwimbia "mtu wako, mtu wako".

Tangu siku hiyo nawaeleza kwa mfano wa zege. Aliyewahi kusimama kwenye mstari wa kupokezana karai nyumba inapomwagwa zege anajua: karai ikishatoka mikononi mwako huifuati, unageuka kupokea inayokuja. Mlinzi akikata ndani, gadi anamsukuma kwa mkono wa ndani ili asipite kirahisi, senta anampokea, na gadi anaendelea mbele kumtafuta lainibeka. Mara nyingi hana haja ya kumtafuta mbali. Slanti inapomtoa mlinzi wa mbele kwenye pengo, lazima kuna mtu nyuma yake wa kuliziba, na mtu huyo anakuja moja kwa moja kwa gadi aliyebaki kwenye njia yake. Mlinzi asipokata, akaenda nje, gadi hamvuti kumrudisha. Anampeleka huko huko anakotaka, na mkimbiaji anapita mgongoni mwao.

Yote hayo yanategemea macho na miguu, na hapo ndipo ningependa muda wa mazoezi uende. Asiye na mlinzi mbele yake anatazama goti la karibu la mlinzi wa jirani. Goti likija kwake, mlinzi huyo ni wake. Likienda mbali, anapanda kwa lainibeka. Kichwa na mabega vinaweza kumhadaa, lakini hakuna awezaye kuingia pengo lako akaacha goti nyuma. Hatua ya kwanza iwe fupi, mguu urudi chini haraka, maana mtu aliyenaswa mguu mmoja ukiwa hewani hawezi kupokea chochote. Mabega yabaki yakitazama mbele. Na vijana wasogee nyuma kadiri sheria inavyoruhusu, yaani kofia ifike usawa wa kiuno cha senta tu. Nafasi hiyo ndogo inawapa muda wa kuona mlinzi anahama.

Senta na gadi wangu wote wawili wanatoka familia za Kikongo, na uwanjani wanaongea Kiswahili. Gadi anapomwachia mlinzi anapiga kelele "Kamata!" na senta anajibu "Niko naye!" Mimi wa Tanga ningesema "chukua", lakini siingilii. Wapinzani hawaelewi neno, na wao wawili wanaelewana kabla ya mwamuzi kupuliza filimbi.

Wenzangu wanaotaka tuhamie mchezo wa pawa, ule wa gadi mmoja kuchomoka na kukimbia nyuma ya laini kwenda kuongoza upande wa pili, nawauliza: mlinzi anayeteleza akipenya hatua moja tu, gadi huyo atapitia wapi? Hakubali kirahisi mtu akishaipenda pawa. Ninachokubali ni kwamba timu ikiwabana walinzi wake wote kuelekea katikati kila mchezo, nenda nje. Zoni ya nje inatumia miguu ile ile na macho yale yale. Denver Broncos, timu ya ligi kuu ya NFL, waliijenga laini yao hivyo chini ya kocha wa laini Alex Gibbs, kwa watu wepesi kuliko wengi wa wakati wao, na msimu wa 1998 mkimbiaji wao Terrell Davis akakimbia yadi 2,008 nyuma yao.

Mwishoni mwa msimu tulikutana na timu nyingine ya slanti. Robo ya tatu, insaidi zoni kulia, mlinzi tena kwenye bega la nje la gadi wetu, akakata ndani vile vile. Nimeirudia video mara nyingi. Unaona mkono wa kushoto wa gadi ukimgusa ubavuni, unaona mabega yake yasivyogeuka, halafu anakutana na lainibeka kifua kwa kifua ndani ya pengo B. Tulipata yadi 6. Sauti haisikiki kwenye video, ila mdomo unaona wazi: "Kamata!"