Vyakula vilivyokaushwa kwa kugandishwa vinastahili nafasi gani kwenye akiba ya dharura?

Wauzaji wa vyakula vilivyokaushwa kwa kugandishwa huahidi kwamba vitakaa miaka 25 au zaidi bila kuharibika. Wasiovikubali husema hiyo ni biashara ya kuvuna fedha za wenye hofu. Nadhani pande zote mbili zinabishania umri wa chakula, wakati jambo zito liko kwenye maji na kalori.

Chakula hugandishwa kwanza kwa baridi kali, kisha huwekwa ndani ya mashine inayonyonya hewa. Humo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kuyeyuka. Maji karibu yote hutoka, lakini umbo na rangi hubaki, na vitamini C haipotei sana kama inavyopotea kwenye ukaushaji wa joto. Uzito nao hupungua mno. Kwa familia yenye chumba kidogo, au inayoweza kulazimika kuhama ghafla, hizo si faida za kupuuza. Tena matunda, mboga na nyama ndivyo vinavyokosekana kwenye akiba nyingi za nafaka na kunde.

Lakini maji yaliyotolewa kiwandani lazima yarudishwe na mlaji. Dharura nyingi hukata maji kabla ya kumaliza chakula. Ushauri wa kawaida ni kuweka takriban lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na usafi mdogo. Mwenye akiba kavu aongeze juu ya hapo, pamoja na nishati ya kuchemshia. Chakula cha kopo ni kizito, ila huja na maji yake na huliwa hata kikiwa baridi.

Halafu kuna hesabu ya milo, na hapa wanunuzi wengi hujidanganya. Tuseme ndoo imeandikwa milo 60, kila mmoja kalori 200. Kwa kula mara tatu kwa siku, mtu ataona ana siku 20. Jumla yake ni kalori 12,000, na mtu mzima anayehitaji 2,000 kwa siku atazimaliza kwa siku 6. Soma kalori, idadi ya milo iache kwa muuzaji. Chumvi nayo iangaliwe, hasa na mwenye shinikizo la damu.

Ile miaka 25 ina masharti: pakiti isiyopitisha hewa wala unyevu, oksijeni iliyoondolewa, na mahali penye ubaridi. Ukifungua, chakula huanza kufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo kopo kubwa kwa watu wawili ni hasara. Na kukausha huku hakuui bakteria wote. Maabara hutumia njia hiyohiyo kuhifadhi bakteria wakiwa hai. Nyama iliyokaushwa mbichi bado inataka kupikwa barabara.

Kwa bei, havishindani na nafaka. Mchele mweupe uliofungwa vizuri pasipo oksijeni nao hudumu miongo kadhaa, na unashibisha zaidi kwa fedha ileile. Ningeanza na maji, nikafuata nafaka, kunde, mafuta na makopo tunayokula kila siku na kuyabadilisha. Vilivyokaushwa kwa kugandishwa ningevinunua baadaye, kidogo kidogo, matunda na mboga kwanza, na pakiti moja ningeifungua mapema tuone kama watoto wanaila.