"Tunaishi nao vizuri tu": saikolojia jamii hakiki vyuoni na mzozo wa kuhesabu au kusikiliza

Mpeleke mwanafunzi wa saikolojia kwenye ofisi za Posta au Mikocheni, Dar es Salaam, akaulize habari za waajiriwa wenye ulemavu, na jibu moja hatalikosa: "Hapa hatuna ubaguzi, tunaishi nao vizuri tu." Kwenye hojaji jibu hilo linageuka tiki chini ya "nakubali kabisa", na kazi imekwisha. Aliyesomeshwa saikolojia jamii kwa njia ya uhakiki, yaani kuyahoji hata maneno na maswali yenyewe, haondoki hapo. Swali lilihusu ajira, mbona jibu ni la kuishi? Kiswahili kinatuwezesha kuishi na jirani mwenye makelele, hata kuishi na kisukari. Halafu "nao": kabla hata hajaulizwa, msemaji ameshachora sisi na wao. Na mwishoni "tu", silabi moja inayofunga mlango ili swali la pili lisiulizwe.

Mpinzani hapa ana haki ya kucheka. Nani Dar hasemi "mzima tu", "salama tu", "tunasukuma tu"? Huenda huo "tu" ni adabu ya maongezi, na mchambuzi ameuona mwiba palipo na unyoya. Mzozo wote wa somo hili, kuhesabu watu au kusikiliza maneno yao, uko katika kicheko hicho.

Chimbuko lake linajulikana. Mwaka 1973 Kenneth Gergen, Mmarekani, alidai kwamba matokeo mengi ya saikolojia jamii ni picha ya zama zake, si kanuni za kudumu kama za fizikia. Mwaka 1987 Jonathan Potter na Margaret Wetherell wakaonesha jinsi ya kuyachunguza maongezi yenyewe: mtu anaposema maoni yake, anafanya nini kwa maneno hayo? Anajitetea, analaumu, anakwepa? Huko El Salvador, Ignacio Martín-Baró, padri na mwanasaikolojia, alitaka taaluma ianzie kwenye dhiki za wanyonge. Wanajeshi walimuua Novemba 1989. Kuna pia hoja ya takwimu ambayo hata wapenda namba hawaikwepi. Jeffrey Arnett alipopitia mwaka 2008 majarida makubwa ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, alikuta asilimia 96 ya washiriki wa tafiti walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 hivi ya watu wa dunia. Kinachoitwa "binadamu" katika vitabu vya kozi mara nyingi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa huko.

Wanaolibeza somo kuwa ni fasheni ya Ulaya wanasahau historia ya mji wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Budd Hall akiwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Marja-Liisa Swantz akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa waliojenga utafiti shirikishi, ule ambao mwanakijiji anashiriki kuunda swali, si kulijibu tu. Vyuo vya mbali vinaufundisha hadi leo.

Kwenye ujumuishi, yaani kuwashirikisha watu wenye ulemavu, ndipo uhakiki unapolipa zaidi. Tazama majina. Wasioona wa nchi hii wamejiita Chama cha Wasioona Tanzania, si cha "vipofu". Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimebaki na "viziwi" bila haya, ingawa maneno yote mawili yanaanza kwa ki-vi, kama kiti na kisu. Kwa viziwi wengi jina hilo ni la watu wenye lugha yao, Lugha ya Alama ya Tanzania. Mhadhiri anayegawa orodha ya "maneno sahihi" darasani, aking'ang'ania "wasiosikia" kwa nia njema kabisa, anawanyang'anya jina walilolichagua. Hojaji isingelinasa jambo hilo, kwa sababu neno la kutumia huamuliwa na mwandishi wa hojaji kabla ya kuingia mtaani.

Upande wa pili nao una silaha nzito. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Asilimia haisimamiwi kwa uchambuzi wa "nao" na "tu". Lazima mtu ahesabu. Na wahesabuji si wajinga wa lugha. Maswali mafupi 6 ya Kundi la Washington, wataalamu wa takwimu za ulemavu, yanayotumika kwenye sensa nyingi, hayataji kabisa neno ulemavu. Yanauliza kama mtu anapata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Majibu ni manne, kuanzia "hapana" hadi "hawezi kabisa". Uliza "je, humu ndani kuna mlemavu?" na bibi anayepapasa ukuta kwenda msalani hatahesabiwa, maana kwa wenyeji ule ni uzee. Aliyetunga maswali hayo amefanya kazi ya kihakiki na bado amepata namba. Hata aibu ya mwaka 2015, pale tafiti 100 za saikolojia ziliporudiwa na chini ya nne katika kila kumi zikathibitika, ilifichuliwa na wahesabuji wenyewe.

Kinacholiharibu somo kwa kawaida si nadharia, ni uvivu wa mbinu. Charles Antaki na wenzake waliorodhesha makosa haya mwaka 2003, nayo yamejaa kwenye tasnifu: kufupisha alichosema mtu na kuuita ufupisho huo uchambuzi, kubandika nukuu ndefu zijisemee, kumuunga mkono au kumlaani msemaji, kuwasikia wanane na kuandika "jamii inaamini". Dawa ya ule "tu" imo humo. Usiutafsiri peke yake. Angalia zamu inayofuata: muulizaji alinyamaza, au aliendelea? Alipoendelea, msemaji alifafanua au alirudia "vizuri tu" na kuita anayefuata? Bila zamu hiyo kwenye karatasi, kicheko cha mpinzani ni halali.

Kazi hiyo ina gharama, na wanafunzi hawaambiwi mapema. Saa moja ya sauti inakula saa 4 hadi 6 kuinakili kwa njia ya kawaida. Ukiweka mapumziko, kuingiliana na mkazo wa sauti, inafika 10 au zaidi. Mahojiano 8 mazuri yanatosha tasnifu ya shahada ya kwanza. 30 ni kujitafutia majuto. Kisha kuna lugha. Mahojiano ni ya Kiswahili, tasnifu ni ya Kiingereza, na wengi hutafsiri kwanza ndipo wachambue. "Tu" inafia hapo hapo. Utaratibu ni mstari wa Kiswahili juu, tafsiri chini yake, na uchambuzi ufanyike kwenye ule wa juu.

Halafu kuna darasa lenyewe. Makala ya ujumuishi inafika steshenari, inapigwa picha ikiwa imepinda, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp kama PDF. Programu ya kusoma skrini, inayomsomea asiyeona kwa sauti, inaifungua na kukaa kimya, kwani ndani hakuna herufi, kuna picha. Kuipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi ni suala la dakika chache, mradi picha imenyooka. Mkalimani wa alama anahitaji mwenzake wa kupokezana kila dakika 20 hivi. Akiachwa peke yake kwa mhadhara wa saa mbili, nusu ya pili inamfikia mwanafunzi kiziwi ikiwa vipande.

Kwa maoni yetu somo libaki, ila lije baada ya takwimu na mbinu za utafiti, si badala yake. Asiyejua kutunga hojaji hana uwezo wa kuihakiki. Na mtihani ubadilike. Swali la "jadili umuhimu wa ujumuishi" linajibiwa na yeyote aliyewahi kuhudhuria semina. Mpe mtahiniwa jedwali moja la ajira na nusu ukurasa wa mahojiano ya Kiswahili, zamu zote zikiwemo, aeleze kila kimoja kinaficha nini. Mwenye kutumia programu ya kusoma skrini au nukta nundu apewe muda wa ziada, na jedwali lisiwe picha.