Bakteria wa mashapo: tuwapange kwa nasaba au kwa kazi?

Mashapo yakishachafuliwa na viyeyushio vya viwandani, wasafishaji huuliza kwanza: humo mna bakteria gani? Kwa miaka mingi jibu limetafutwa kwenye jeni ya 16S rRNA. Kila bakteria anayo na hubadilika polepole, ndiyo maana inafaa kupimia undugu. DNA ikitolewa kwenye tope na jeni hiyo ikasomwa, tunawajua hata wale waliokataa kuoteshwa maabara.

Lakini undugu hausemi nani anafanya nini. Mchukue Dehalococcoides mccartyi. Bakteria huyu anaweza kuivua tetrakloroetheni, iliyotumika sana kufulia nguo bila maji, atomu za klorini moja baada ya nyingine mpaka ibaki etheni, isiyo na madhara ya viyeyushio hivyo. Hatua moja kabla ya etheni ipo vinili kloridi, ambayo husababisha saratani. Aina ya VS ina jeni ya vcrA na BAV1 ina bvcA. Hizo ndizo zinazoimaliza sumu hiyo na kumpa bakteria nishati. Aina ya 195, yenye tceA, ikifika hapo hujikokota, maana hatua hiyo ya mwisho haiipi nishati ya kuishi. Ukizitazama kwa 16S, aina zote tatu karibu hazitofautiani. Anayepima 16S peke yake anaweza kutangaza kwamba kazi inakwenda vizuri, kumbe vinili kloridi inarundikana. Hilo linanitia hofu kuliko ubishi wowote wa majina.

Na majina yenyewe hayatulii. LB400, bakteria anayevunja PCB (kemikali za viwandani zenye klorini), aliwekwa kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Pseudomonas, akahamishiwa Burkholderia, na leo yumo Paraburkholderia. Muda wote huo jeni zake za bph, zinazovunja PCB, zilikuwa zilezile, na kazi yake ileile.

Je, basi tuachane na nasaba, tuhesabu jeni za kazi tu? Hapo nasita. Jeni hizi huhama: vcrA imekaa kwenye kipande cha DNA chenye dalili za kuhamahama, na zile za kuvunja naftalini mara nyingi hubebwa na plasmidi (vipande vidogo vya DNA vilivyo kando ya kromosomu), kama NAH7, zinazopita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Ukiwapanga kwa jeni hizo utawaweka pamoja bakteria wasiohusiana kabisa. Tena DNA hubaki hata kwenye seli zilizokufa, kwa hiyo kuikuta jeni si kuikuta kazi.

Zaidi ya hayo, nasaba ndiyo inayotuambia bakteria anaishije. Dehalococcoides hastahimili oksijeni, hutegemea hidrojeni, na vitamini ya jamii ya B12 hupewa na majirani kwa kuwa hawezi kujitengenezea. Bila kulijua hilo, mtu atapuliza hewa kwenye tope akidhani anawasaidia, kumbe anawaua.

Kwa maoni yangu, penye viyeyushio vya klorini uamuzi uanzie kwenye vcrA na bvcA, pamoja na kipimo cha etheni yenyewe, ambayo ndiyo ushahidi kwamba kazi inafika mwisho. 16S ifuate, itueleze wakazi hao wanahitaji nini. Ripoti inayotaja jenasi peke yake na kudai eneo linajisafisha irudishwe kwa aliyeiandika.