Mwalimu wetu wa Mwanga

Nashukuru kwa taarifa hii ya msiba wa mwalimu wetu mstaafu wa Mwanga, ingawa imeorodhesha shule alizofundisha na kuipita haraka kazi yake ya jioni, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, wanafunzi tulikuwa wengi kuliko madawati, na baadhi yetu tuliandikia magotini. Hata hivyo, alipomaliza kutufundisha mchana, alirudi darasani humo humo kuwafundisha wazazi wetu katika kisomo cha watu wazima. Mama yangu alijifunza kwake kuandika jina lake, kisha barua, na tangu hapo hakumtafuta tena mtu wa kumsomea zile alizoletewa na baba kutoka mashamba ya mkonge Tanga. Mwalimu aliwaita kwa heshima, mama fulani, baba fulani, wala hakumwaibisha aliyekosea, na nadhani ndiyo sababu hawakukimbia darasa. Poleni sana wafiwa. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi.