Wazo Lako Halina Mwizi, Domeni Ndiyo Inaye

Wiki jana rafiki yangu alinitumia mkataba wa kurasa sita niusome. Amepata kijana wa kumtengenezea tovuti ya kuwaunganisha mama fua na wateja hapa Mombasa, na anahofia kijana atamwibia wazo. Kurasa zote sita ni za siri tupu: usiseme, usionyeshe, usiige. Nikamuuliza, domeni, yaani anwani ya tovuti, itasajiliwa kwa jina la nani? "Ah, hiyo atashughulikia mwenyewe."

Nikachoka.

Wazo la kuunganisha mama fua na wateja halina hakimiliki. Mkataba wa TRIPS wa 1994, ule wa kimataifa kuhusu haki za ubunifu katika biashara, kifungu cha 9, umesema wazi kwamba kinacholindwa ni namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Maandishi, picha, msimbo wa programu: hivyo vina mwenyewe tangu siku vilipoundwa. Wazo lenyewe, huo mkataba wa siri utamfunga yule kijana peke yake. Jirani akiliwaza, ni lake pia. Na kusema kweli, mafundi wa tovuti niliowajua mimi hawana haja na mawazo yetu. Yao wenyewe yamewashinda kumaliza.

Mimi nilipigwa kwingine kabisa. Nilikuwa nakodisha nguo za harusi. Fundi nikamlipa elfu arobaini na tano kwa M-Pesa, awamu tatu, wala hatukuandikiana hata mstari. Kazi aliifanya vizuri, hapo sina la kumlaumu. Mwaka wa pili tukakosana kwa bei ya marekebisho, nikatafuta mwingine. Huyu mpya akaangalia usajili wa domeni, akanigeuzia laptopu nione. Mwenye domeni: jina la fundi. Baruapepe: ya fundi. Simu: ya fundi. Jina la duka langu, lililochapwa hadi kwenye mifuko, lilikuwa mali ya mtu mwingine. Akataka elfu thelathini ndipo aliachie. Nikalipa. Msimu wa harusi umeanza, utabishana na nani?

Kinachoniuma ni kwamba sheria ilikuwa upande wangu nami sijui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, huhesabu kuwa hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeagiza, ila kama mlikubaliana vingine. Lakini sheria haikupi paswadi. Tena ukimpa kazi mtu aliye Uingereza, mambo yanapinduka: kwa sheria yao ya 1988, fundi wa kujitegemea ndiye mwenye hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi. Marekani nako, mwaka 1989, shirika moja la kutetea wasio na makao lilifika hadi Mahakama ya Juu likidai sanamu lililoiagiza ni kazi ya mwajiriwa wake, kwa hiyo hakimiliki ni ya shirika. Mahakama ikasema mchongaji, James Earl Reid, hakuwa mwajiriwa bali mtu wa kujitegemea. Hawakuwa wameandikiana.

Nasi pia tusidai kisicho chetu. Tovuti yangu ilijengwa kwa WordPress, programu huria ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kwa hiyo msimbo wake haukuwa wangu wala wa fundi. Changu kilikuwa picha za nguo, alizopiga binamu yangu jioni tatu mfululizo pale barazani, na maneno niliyoyaandika mwenyewe. Hata hizo picha nilizipata kwa kuomba, maana zilikaa kwenye akaunti ya fundi.

Rafiki yangu nimemrudishia ule mkataba, kurasa tano nimezikata. Kwenye ile moja nimeongeza mistari mitatu kwa kalamu: domeni isajiliwe kwa jina lake na baruapepe yake, malipo ya mwisho yatoke baada ya kukabidhiwa msimbo na paswadi zote, na hakimiliki ya kila alichokitengeneza kijana iwe ya rafiki yangu kuanzia siku ya malipo hayo.

Amenijibu usiku: "Sawa, lakini sasa wazo langu je?"