Serahangi Wetu na Bata Bukini wa Birkenhead

Mjomba wangu alikuwa serahangi wa meli za mizigo, na ukimkalisha na kikombe cha kahawa hakuwa na hadithi isiyoanzia baharini. Kapita Suez. Kazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kakesha Ghuba ya Biscay amejifunga kamba kiunoni, mawimbi yanapanda upande huu yanashukia ule. Lakini habari ya kupotea ndani ya bustani ya umma, yenye uzio na lango, tena na mama yake mzazi akiwa nyuma yake, hiyo hajawahi kuisimulia hata siku moja. Basi acha niisimulie mimi.

Tulikuwa tunaishi Birkenhead, Uingereza. Mtu wa Dar ataelewa nikisema Birkenhead kwa Liverpool ni Kigamboni: maji katikati, kivuko kinakwenda na kurudi, na watu wa ng'ambo wanakudharau kidogo. Ila wenzetu chini ya mto Mersey wana treni tangu 1886. Baba alikuwa anasoma Liverpool, kodi upande wetu ilikuwa nafuu, na mimi ulimwengu wangu wote ulikuwa Birkenhead Park. Humo ndimo nilimojifunza baiskeli. Humo ndimo mpira wa kriketi uliponing'oa jino ambalo, kusema kweli, lilikuwa linalegalega tangu wiki iliyopita, lakini nilililia utadhani ndilo pekee nililokuwa nalo.

Baba naye alikuwa na maradhi ya bustani ile. Mgeni yeyote aliyefika nyumbani, kabla hajavua viatu vizuri, alishasikia kwamba ilifunguliwa tarehe 5 Aprili 1847. Kwamba kabla ya hapo bustani nzuri zilikuwa za mabwana, nyuma ya kuta, na hii ilijengwa kwa fedha za umma ili hata mbeba mizigo wa bandarini aingie bure. Kwamba pale pote palikuwa tope tupu, wakuu wa mji wakapanunua, wakatenga sehemu ya bustani, na viwanja vya pembeni wakawauzia watu wajenge nyumba ili fedha irudi. Mchoraji wake alikuwa Joseph Paxton, mtunza bustani wa kabaila mmoja, ambaye baadaye ndiye aliyesanifu lile jumba la kioo la maonyesho ya London ya 1851. Halafu Baba alikuwa akishusha sauti, maana sasa ndipo anapofika kwa Olmsted. Mmarekani huyu alifika mwaka 1850, akaingia kwenye duka la mwoka mikate pale Birkenhead, na mwoka mikate akamsihi asiondoke bila kuiona bustani mpya. Akaenda, akaduwaa. Miaka michache baadaye yeye na Calvert Vaux wakachora Central Park ya New York.

"Kwa hiyo," Baba alikuwa akimalizia, kidole juu, "Central Park ilianzia kwenye andazi."

Sote tulikuwa tumeyachoka hayo. Na kwa kuwa tulikuwa tumeyachoka, hakuna aliyesikiliza kipande kimoja ambacho siku ile kingetufaa: kwamba Paxton alilichimba ziwa kwa hila. Alilipinda, akalitia visiwa, udongo uliotoka akaulundika kandokando ukawa vilima, akavipanda miti, ili mtu asimamapo popote asiweze kuliona ziwa lote. Unaona maji yanakata kona, unadhani ni mto unakwenda zake. Hauendi popote. Baba alipofika hapo, Mjomba alikuwa anakoroga kahawa.

Mwaka 1989 Idi iliangukia mwanzoni mwa Mei, na meli ya Mjomba ilikuwa imefunga gati upande wetu. Bibi, mama yao Mama na Mjomba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na kati ya vitu alivyopanda navyo ndege mlikuwa na sufuria. Mama alimuuliza, "Kwani Ulaya hakuna masufuria?" Bibi akajibu yapo, ameshayaona, ni ya kuchemshia mayai.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa Bibi. Masharti yake hayakuwa mengi: niseme alichosema, nisiongeze, nisipunguze, na maneno yake nisiyatie sukari.

Tukaswali Idi Liverpool, tukarudi, tukabadilisha viatu. Pilau ilikuwa imefika nusu ya sufuria na kidogo juu. Mama akaifunga kwa taulo, Bibi akaongeza kanga yake, akapiga fundo juu ya mfuniko. Kaimati za shira zikaingia kwenye bakuli lao. Baba akachukua sinia, mimi birika la chai, na Mjomba, kanzu nyeupe pe, kofia ya mkono, koti zito la meli juu yake, akaibeba sufuria begani.

Tulipofika lango kuu, lile lenye matao matatu na nguzo za mawe, Baba akafungua kinywa.

"Shemeji," Mjomba akamkata, "ya andazi tumeyasikia. Nifuateni."

Alikuwa anatafuta mahali. Kila nyasi tuliyoipata ilikuwa na kasoro: hapa pana upepo, hapa pana mbwa, hapa jua linampiga Bibi machoni, ingawa jua lenyewe lilikuwa la Kiingereza, lisingeanika hata leso. "Pazuri pako upande wa pili wa maji," akasema, "tushike mkono wa kulia." Tukapita daraja la mbao lenye paa, lile wanaloliita la Kiswisi, tukafuata njia. Maji yakakata kona, nasi tukakata. Yakajificha nyuma ya kilima, yakatokeza kwingine. Tukatembea mpaka birika likaanza kunikata vidole, na mbele yetu likasimama daraja la mbao lenye paa.

"Kaka," Mama akasema, "si tumelipita hili?"

"Lile lilikuwa jingine. Wazungu wakipenda kitu hujenga viwili."

Baba akatazama miti. Mtu hamwambii shemeji yake amepotea, tena mbele ya mkwe. Bibi hakuwa na kizuizi hicho, lakini hakubishana. Alifunua bakuli, akatoa kaimati moja, akaiweka juu ya ukingo wa daraja.

"Haya, baharia. Tutembee. Kama ni daraja lilelile, tutaikuta."

Tukatembea. Njiani Mjomba alitueleza jinsi baharia anavyojua njia kwa jua, na jua lisipokuwepo kwa upepo, na upepo usipokuwepo kwa ndege. Tukatokeza darajani. Juu ya ukingo hapakuwa na kitu.

"Kaimati iko wapi?" Mjomba akauliza, furaha tele. "Mama, iko wapi? Mnaona? Mimi si mtoto mdogo!"

Bibi akasogea. Akapitisha kidole juu ya mbao, akakinusa.

"Hiliki," akasema.

Chini ya daraja, shingo ndefu nyeusi imenyooka, shavu jeupe, alikuwa amesimama bata bukini dume anatutazama. Mdomo wake ulikuwa unang'aa shira. Nyuma yake mke, na nyuma ya mke vifaranga vya manjano vimepanga mstari.

Baba akakohoa. "Unajua, Paxton alilichimba hili ziwa…"

"Shemeji!"

Ikaamuliwa tule palepale. Hilo lilikuwa agizo la Bibi, ambaye miguu ilishamuuma. Mjomba akavua koti akamtandikia akalie, akashusha sufuria kwenye jiwe pembeni mwa maji, na akasimama akijinyoosha mgongo, sufuria nyuma yake, ziwa nyuma ya sufuria. Na yule dume, ambaye ameonja kaimati moja maishani mwake na hataki maisha ya zamani tena, akapanda kutoka majini.

Asiyemjua bata bukini mwezi wa Mei, akiwa na watoto, asimcheke Mjomba kwa kusema "ni bata tu". Kichwa kilishuka kikawa karibu na nyasi. Shingo ikanyooka mbele. Akaanza kutoa sauti ya tairi linalovuja, ssssss, kisha mabawa yakafunguka, na hayo mabawa hayakuwa na mwisho. Mjomba akamnyang'anya Baba sinia akalishika mbele yake.

"Hush!" akasema. "Nenda kwenu!"

Sinia likapigwa ngo! Mjomba akarudi nyuma hatua moja. Ngo! Hatua nyingine. Mama akapiga kelele, "Sufuria, Kaka, sufuria!" Kaka akageuka kutazama sufuria, na katika kule kugeuka kisigino kikaisukuma. Ikateleza kwenye jiwe, ikaingia majini imesimama wima, bila kupinduka, ikaenda zake. Mjomba akaifuata, yeye bila kusimama wima.

Ndipo tulipojua. Kanzu ilijaa hewa ikavimba mabegani, kofia ikaelea peke yake, mikono ikawa inapiga maji kila upande. "Nazama! Jamani nazama!" Serahangi wa Suez na Biscay hakuwa anajua kuogelea. Bata bukini mwenyewe aliacha ugomvi akasimama kutazama.

Bibi hakuinuka kwenye koti.

"Simama," akasema.

"Nazama, Mama!"

"Nimesema simama. Kwa miguu yako."

Mjomba akasimama. Maji yakamfika mapajani. Kwenye njia walikuwa wamekusanyika watu, watoto na baiskeli zao, na mama mmoja na kigari cha mtoto, na kwa ile adabu ya Waingereza wote wakaanza kutazama mawingu.

Sufuria ilikuwa inasafiri. Mjomba aliifuata, lakini kila hatua aliyopiga ilisukuma wimbi, na wimbi likaisogeza mbele. Akienda haraka, nayo haraka. Iligeuka taratibu, na kanga iliyofungwa ikatuonyesha upande wenye maandishi. Bibi, ambaye bila miwani hakuwa anaona hata namba za nyumba, akayasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka ng'ambo wakasikia:

"Ukiona vyaelea, vimeundwa."

"Na ziwa lenyewe pia," Baba akasema. Hakuweza kujizuia, maskini.

Aliyeiokoa Idi yetu ni mzee mmoja wa pale mtaani aliyekuwa anatembeza mbwa. Hakukimbia. Aliitazama sufuria, akatazama upepo, akatupita, akazunguka kichaka, akaenda kusimama kwenye kona ambayo sisi hatukujua kama ipo. Akangoja. Sufuria ilipotokeza, akainama, akaingiza mpini wa fimbo yake kwenye fundo la kanga, akaivuta. Mfuniko ulikuwa haujasogea. Pilau ilikuwa ya moto.

Kumwacha aondoke hivihivi ingekuwa aibu, kwa hiyo akaketishwa, akapewa sahani ya kwanza. Akaniuliza kwa upole ndani mna nini.

"Mwambie ni pilau," Bibi akasema, "ale, asiulizeulize."

Nikatafsiri. Mzee akala na hakuuliza tena. Alipomaliza, alisogeza sahani mbele kidogo, akatazama sufuria, na Bibi, ambaye lugha hiyo hakuhitaji mkalimani, akamjazia.

Mjomba alikuwa anatetemeka meno. Bibi akamwamuru avue kanzu nyuma ya kichaka, akampa kanga yake ya mabegani, pacha wa ile ya sufuria, doti moja, jina lilelile. Akajifunga. Juu akavaa koti la meli. Maandishi yakamkaa nyuma, sawasawa pale anapokalia.

Wakati wa kurudi, yule mzee akasema anakwenda upande wa lango, atatuongoza. Mjomba akakataa katakata. Alisema njia ni ya kulia, ameshaijua, na tukitaka kumfuata mtu na mbwa wake ni hiari yetu. Bibi akampa mzee sufuria aibebe. Tukaenda.

Lango halikuwa mbali hata kidogo. Tukafika nyumbani, tukaosha vyombo, tukanywa chai ya tangawizi. Huko Mei jua huchelewa, Magharibi inafika karibu saa tatu usiku, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mama akaanza kuchungulia dirishani. Baba akasema, kwa sauti ya mtu anayejitahidi sana, kwamba Paxton alikuwa bingwa kwelikweli.

Kengele ikalia. Nikafungua, Bibi nyuma yangu. Mlangoni alikuwa amesimama askari polisi mrefu, kofia kwapani, na kando yake Mjomba, koti la serahangi juu, kanga chini, miguu mitupu, mdomo umenuna. Askari alisema wamemkuta akizunguka ziwani, na kila alipoulizwa anajibu kwamba yeye ni baharia. Akaniuliza kama mtu huyu ni wetu.

Nikamgeukia Bibi. Bibi akamtazama mwanawe kuanzia kofia, iliyokuwa imeshanyauka, mpaka vidole vya miguu.

"Mwambie hatumjui," akasema.

Nami nilikuwa mtoto mtiifu. Nikatafsiri.